Gunia Lenye Uzi wa Kijani

Mtaani Kapsoya hakuna aliyewahi kutoka nyumbani kwa Nekoye mikono mitupu, hata kama alikuwa amekwenda kumtukana. Msoma mita ya maji aliondoka na ndizi. Jirani aliyekuja kulalamika kwamba majogoo wa Nekoye wanamnyima usingizi aliondoka na jogoo mmoja, akalala naye nyumba moja. Watu wa kanisani waliuita huo ukarimu. Kanisa lina macho mabovu. Nekoye alitoa vitu kama wengine wanavyozaba vibao: kwa nguvu, mbele ya mashahidi, na bila kukuuliza kama umejiandaa.

Hakuzaliwa hivyo. Aliolewa Burnt Forest, akalima viazi na mumewe katika kishamba kilichopakana na cha mama mmoja aitwaye Chepkorir. Walikuwa wakiazimana chumvi na majembe. Uchaguzi wa mwaka wa 2007 ulipoharibika, nyumba ya Nekoye iliteketea, na alipobisha lango la Chepkorir akiwa na moshi nywelani, lango halikufunguliwa. Pengine Chepkorir aliogopa. Baadhi ya waliofungua malango siku ile walichomewa pia. Nekoye hakutaka kujua. Alifika kambini Eldoret na sufuria moja na binti mmoja, Linah, akapanga foleni ya msaada. Mwanamke mwenye glavu safi alimpa blanketi, akamwomba atabasamu kidogo apigwe picha. Nekoye akatabasamu.

Miaka imepita. Mume alikufa kwa ugonjwa, blanketi lilioza, lakini tabasamu lile bado linamkwama kooni. Aliapa kwamba mkono wake hautakaa tena chini ya mkono wa mtu, na kiapo hicho alikishika kuliko wengine wanavyoshika Kwaresima.

Alirudia viazi kwa sababu ndivyo alivyovijua. Alinunua kwa wakulima, akauzia vibanda vya chipsi na hoteli za mjini, na kila gunia lililopita mikononi mwake alilishona mdomo kwa uzi wa nailoni wa kijani, mshono mfupi wa kukaza, ili mpagazi asimbadilishie njiani. Mjini Eldoret ukiona gunia lina uzi wa kijani huna haja ya kulifungua. Unajua ni la Mama Linah.

Basi Linah akapata mchumba. Elphas alikuwa rubani wa ndege ndogo Nairobi, kijana mpole mwenye viatu vya ngozi ya kahawia vinavyong'aa. Navitaja viatu kwa sababu Nekoye hakumjua kwa kingine. Kwa mila yao, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawabishani, na neno likiwa la lazima hupitia kwa mtu wa tatu. Ni heshima, na ni heshima ngumu, haina likizo. Kijana alipokuja kumtembelea Linah, Nekoye alijifungia jikoni. Alipokatiza uani, kijana aligeukia ukuta. Nekoye alimfahamu mkwewe kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini.

Mama yake Elphas alikuwa kitu kingine. Rael, mzaliwa wa Vihiga aliyezeekea Nairobi, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na sauti yake ilikuwa bado inapanga watu mistari. Siku ya kuja kukubaliana tarehe ya harusi ilipokaribia, alimpigia Linah simu.

"Barabara ya Nakuru imejaa malori," alisema. "Tutakuja kwa ndege. Elphas ameshaomba moja kwa mwajiri wake. Mwambie mama yako atutafutie pa kutua."

Kutafutiwa pa kutua! Nekoye aliyameza hayo bila maji. Alimwendea mkulima mmoja wa ngano upande wa Moiben, mwenye kiwanja cha nyasi cha ndege za kunyunyizia dawa, akamwachia kuku wawili hata kabla hajasema shida yake, na kiwanja kikapatikana.

Wakashuka Jumamosi asubuhi: Rael na kofia pana, wazee wawili wa ukoo, na Elphas akibeba mikoba. Aliyewapokea ni Abdi, msafirishaji ambaye pickup yake ndiyo hubeba viazi vya Nekoye. Abdi alikuwa ameliosha gari tangu alfajiri, lakini harufu ya viazi haioshwi na sabuni ya kawaida. Rael alikaa mbele, akaweka kitambaa puani, akakishikilia hapo mpaka Kapsoya.

Chakula kilikuwa cha kumtia mtu adabu. Kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, mrenda, viazi vya kuponda, ndizi. Firigisi iliwekwa peke yake katika kisahani mbele ya mzee mkubwa wa upande wa kijana, kama inavyopasa. Wazee walikula wakalegeza mikanda. Rael alifungua mkoba, akatoa chupa ya maji na mkate uliokatwa pembe tatu, akaula polepole mbele ya kuku wa watu.

"Daktari amenikataza mafuta," alisema. "Na chumvi. Na vyakula ambavyo sijui vimepikiwa wapi."

Murunga, kaka yake Nekoye na msemaji wa upande wa binti, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Nekoye akatabasamu, tabasamu lile lile la kambini, akaingia jikoni na kumkuta Linah.

"Amekataa kula kwangu," alisema. "Sawa. Chakula itamfuata mpaka kwao."

"Mama, wacha tu. Tumalize siku vizuri."

"Nani amekasirika? Mimi nafunga mizigo."

Tarehe ya harusi ilikubaliwa bila matata, maana wazee walioshiba hawana ubishi. Lakini mizigo haikuisha. Nekoye alifunga kuku miguu, akateremsha mkungu wa ndizi, akapima unga wa wimbi, akaita magunia mawili ya viazi kutoka stoo. Elphas, aliyekuwa amekaa nje viatu vikiwa vimeelekea ukutani, alitazama mbingu kila mara. Alimtuma Murunga kusema kwamba mawingu ya mchana hushuka milimani, kwamba ingefaa waondoke mapema. Murunga alilifikisha neno, akarudi na jibu kwamba kuku mmoja bado hajakamatwa. Kijana akatuma tena, na tena jibu likawa kuku.

Abdi alipoona magunia akajikuna kichwa. "Mama Linah, hiyo ni ndege, si lorry."

"Wewe pakia. Ndege ni ya kubeba."

Walipofika kiwanjani jua lilikuwa limeshavuka utosi, na upande wa Timboroa mbingu ilikuwa imeanza kuchafuka. Elphas alitazama kilichomo kwenye pickup, akamvuta mama yake kando. Nekoye alikuwa amesimama mbali, nyuma ya gari, mahali panapomfaa mama mkwe. Aliona viatu vya kahawia vikisogea huku na huku kwenye nyasi. Hakusikia neno. Kisha Rael akaja, mkono mmoja umeshika kofia isipeperuke.

"Mama Linah, mwanangu anasema hivyo vingine na gunia moja tutachukua. Hilo la pili baki nalo. Viazi hata Nairobi viko."

Maneno hayo yalikuwa na kweli ndani na sumu juu, na mtu mwenye njaa ya ugomvi huanza na sumu. Nekoye alisikia kwamba viazi hata Nairobi viko. Mengine yote yalimpita kama upepo.

"Mwambie tumesikia," alisema.

Elphas akaenda kukikagua kiwanja kwa miguu mpaka mwisho, kuwafukuza kondoo wa mkulima. Rael na wazee wakajipanga kando ya bawa kupigwa picha. Nekoye akamwita Murunga kwa kidole.

"Si wamekataa, dada?" Murunga alinong'ona.

"Aliyekataa ni mama yake. Kijana hajakataa kitu. Shika huko."

Walilisukuma gunia la pili nyuma ya viti vya mwisho, kule mkiani kabisa, Nekoye akalifunika kwa blanketi la ndege yenyewe. Akashuka akijipangusa mikono, akaenda kuagana na wageni kwa bashasha ya mtu aliyeshinda kesi. Elphas aliporudi aliizunguka ndege mara moja, akasimama kidogo penye mlango wa mizigo, akaufunga.

Ndege ilikimbia kwenye nyasi. Ikakimbia tena. Ilikimbia kiasi kwamba Murunga aliacha kupunga mkono, akaanza kuikaza miguu yake yeye kama kuisaidia. Mwishoni kabisa ikainuka, ikapita juu ya ua wa misonobari kwa upana wa kiganja. Nekoye alikuwa bado anapunga.

"Aende akapike mwenyewe," alisema.

Walikuwa nyumbani wakiosha masufuria simu ya Linah ilipolia. Jina lilikuwa la Elphas. Sauti haikuwa yake.

"Madam, mwenye hii simu ako hapa kwa shamba. Ndege imeanguka, huku juu ya Burnt Forest. Ako hai. Lakini mguu, eh, mguu si mzuri."

Linah alikaa chini kwenye maji ya vyombo.

Ilivyokuja kujulikana ni hivi. Mawingu yalikuwa yameziba migongo ya milima, na ndege ikawa nzito haitaki kupanda juu yake. Elphas akapita chini ya mawingu, akiifuata barabara kati ya vilima, chini kiasi cha kuona nguo zilizoanikwa. Lakini nchi ya kule hupanda kila unavyosonga, na ndege haikupanda nayo. Hewa ya huko juu ni nyepesi, haibebi ovyo. Alipoona kilima kimemjia usoni, akageuza kuingia bondeni. Katika kugeuza mkia ukamlemea, akakata vilele vya misonobari, akalala na tumbo la ndege kwenye shamba la viazi, akikwaruza mtelemko mpaka uzio ukamsimamisha.

Nekoye hakuwa amekanyaga Burnt Forest tangu siku ya moshi. Akisafiri kwenda Nakuru alikuwa akifumba macho mpaka kondakta atangaze kituo kinachofuata. Siku hiyo Abdi aliendesha bila kusema, na Nekoye akayafumbua macho kwa sababu Linah alikuwa analia begani kwake na mtu hawezi kufumba macho akililiwa begani. Kitu cha kwanza alichokiona shambani kilikuwa kiatu cha kahawia. Kilikuwa kimekaa peke yake kwenye tuta, kimejaa udongo, hakina mguu.

Kisha akawaona wanaume wanne wamebeba mlango wa nyumba ya mtu, na juu ya mlango kijana amelala, mguu mmoja una soksi tu na umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Linah akamkimbilia. Nekoye, Mungu amsamehe, hata pale aligeuza uso.

Rael alikuwa amekaa chini ameegemea nguzo ya uzio, kofia hana, tope mpaka kwenye nyusi, mkono umefungwa kwa leso. Alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Hakuuliza daktari anasemaje wala ilipikiwa wapi. Wazee wawili walikuwa kando yake, wazima, wakitetemeka. Aliyekuwa akiwamiminia chai alikuwa mwanamke mwenye mvi na sweta ya kijivu, naye alipoinua kichwa, Nekoye alimjua.

"Nekoye?" Chepkorir alisema. "Ni wewe kweli? Shika chai."

"Sitaki."

Chepkorir alimtazama, birika mkononi. "Basi simama na kiu yako. Mimi niko na wagonjwa."

Rael akawa ameshamwona. Alikiweka kikombe chini, akanyoosha mkono mzima kuelekea mkiani mwa ndege. Viazi vilikuwa vimemwagika juu ya mashina ya viazi, usijue kipi kimelimwa na kipi kimeanguka kutoka mbinguni. Magunia mawili yalikuwa yamelala hapo yamepasuka ubavuni, na midomo yao, imara kama ilivyotoka Kapsoya, ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kijani.

"Mama Linah. Niliomba gunia moja. Hebu nisaidie kuhesabu."

Watu wote wa shambani wakageuka. Hapo ndipo mtu mwungwana angesema neno moja na kulia. Nekoye hakuwa mwungwana siku hiyo.

"Uzi ya kijani inauzwa kila duka," alisema.

Abdi akaangalia viatu vyake. Murunga akaanza kuwakamata kuku waliookoka, kana kwamba ndilo lililomleta. Linah, akiwa amepiga magoti kando ya mlango uliobeba mchumba wake, alimtazama mama yake, na Nekoye akaona kwamba bintiye ameshajua.

"Umetaka kuniua na mwanangu kwa viazi," Rael alisema, na sauti ile ya mwalimu mkuu haikutetemeka hata kidogo. "Harusi haipo. Nisikilize vizuri ili usije ukasema uliambiwa na mtu: haipo."

Majeruhi walipelekwa hospitali kubwa mjini. Elphas alipasuliwa mguu, akawekewa vyuma. Upande wa pili, vita vilianza kwa njia ya wajumbe. Murunga alikwenda kwa wazee wa Rael kupoza, akarudi na ujumbe kwamba Nekoye ni mchawi wa mchana. Nekoye akatuma kwamba aliyekataa chakula cha watu amejilaani mwenyewe. Wazee wakatuma kwamba mahari iliyokwisha kuzungumzwa ihesabiwe haijazungumzwa. Kila neno lilitoka likiwa na pembe mbili na kufika likiwa na nne. Kapsoya nayo haikukaa bure. Watoto wa mtaani wakawa wakimwona Nekoye wananyoosha mikono kama mabawa. Hata hoteli moja ikaacha kununua, mwenyewe akisema viazi hivyo vina mkosi. Nekoye alimtukana mwenye hoteli mbele ya wateja wake, kisha kwa mazoea akamwachia mkungu wa ndizi.

Linah alikuwa analala hospitalini kwenye benchi. Siku aliyorudi nyumbani hakuketi.

"Mama, wale wachunguzi wa ajali walikuja kumuuliza Elphas. Walitaka kujua nani alipakia gunia ya pili. Amesema ni yeye."

Nekoye alikuwa anashona gunia. Sindano ikasimama.

"Kwa nini aseme hivyo?"

"Angesema nini? Angekutaja wewe? Mama mkwe wake?" Sauti ya Linah ilipasuka. "Watamnyang'anya leseni, Mama. Hajui kazi ingine. Na mimi nitaolewa na yeye hata bila leseni, hata bila mguu, hata mama yake akatae. Lakini hapa kwako sitakanyaga. Nimekuja kuchukua nguo zangu."

Akazichukua. Alipotoka mlangoni, Nekoye aligundua kwamba bintiye ndiye mtu wa kwanza kuondoka nyumba hiyo bila kupewa kitu, na kwamba yeye hakuwa na kitu ambacho binti angekipokea.

Hasira ilimtoka Nekoye kwa mara ya kwanza tangu Rael alipokataa kuku wake mezani, na chini yake hakukuwa na kitu kizuri. Kulikuwa na hofu tupu. Akajiona vile alivyokuwa: mwanamke aliyevunja mguu wa mtoto wa watu ili amkomeshe mama yake.

Murunga alipopata habari alikuja mbio. "Ngoja, dada. Tutume wazee wawili watatu, waseme taratibu."

"Maneno yangu yametumwa ya kutosha," Nekoye alisema. "Ya mwisho iliangusha ndege."

Asubuhi akajitanda leso. Mkono wake, bila kuamriwa, ulichukua kikapu ukaanza kukijaza mayai. Akafika mlangoni nacho. Akasimama. Akarudi, akayatoa mayai yote moja moja, akakiacha kikapu mezani, akatoka. Njia nzima hakujua mikono aiweke wapi. Aliikunja, akaiachia, akaishikanisha nyuma kama askari wa zamu.

Wadi ilikuwa ya wanaume, na mama mkwe hana kazi katika chumba ambamo mkwewe amelala na gauni la hospitali. Nekoye aliingia ameinamisha macho, akitafuta viatu, halafu akakumbuka kwamba mgonjwa havai viatu. Akazipita nyayo za watu baki, kitanda kwa kitanda, mpaka akamwona Linah amesimama dirishani. Kitandani kando yake kulikuwa na nyayo mbili, mmoja wazi, mmoja umetokeza kwenye plasta. Akashika chuma cha kitanda. Kisha akainua macho kupita kifundo cha mguu, kupita goti, mpaka usoni. Alikuwa na kidevu chenye shimo na macho ya Rael, jambo ambalo halikumsaidia Nekoye hata kidogo.

Elphas alivuta shuka mpaka kidevuni. Rael, aliyekuwa kwenye kiti kando yake na mkono wake umening'inia shingoni, alisimama wima.

"Huna haya? Huyu ni mkweo!"

"Sina," Nekoye alisema. "Nimeiacha nyumbani na kikapu."

Wagonjwa wa jirani wakajifanya wamelala.

"Elphas." Hakuwa amewahi kulitamka jina hilo mbele ya mwenyewe. "Gunia ya pili niliweka mimi. Mimi na ndugu yangu, ukiwa umeenda kufukuza kondoo. Leo nikitoka hapa naenda kwa hao wachunguzi niwaambie vile ilikuwa. Lakini kwanza niambie. Siku ile ulinitumia maneno gani?"

Kijana alimtazama mama yake. Halafu akatazama dari, maana heshima ya maisha mazima haifi kwa siku moja.

"Nilisema, Mama, tunashukuru kwa yote. Nilisema gunia la pili likiongezwa ndege haitavuka milima. Nikasema nitakuja mwenyewe na gari Jumamosi inayofuata kulichukua. Na nikasema, mwambie asione vibaya."

Rael alikuwa anarekebisha kitambaa cha mkono ambacho hakikuwa na kasoro.

"Hayo ya gari yalinitoka," alisema. "Nilifupisha."

"Ulifupisha," Nekoye alisema.

"Nilifupisha. Na wewe uliongeza."

Wangeweza kuanza upya hapo hapo, na Nekoye alikuwa na jibu tayari ulimini, la moto. Lakini Elphas hakuwa amemaliza.

"Lakini niliona," alisema. "Niliporudi kutoka kukagua, niliona blanketi imeinuka kule nyuma. Nilijua ni nini. Ningeshusha. Lakini ulikuwa umesimama pale, Mama, na mimi nishushe zawadi yako mbele yako? Nikajiambia itapanda. Kwa hivyo sikuwadanganya wale watu. Rubani ndiye anasema ndege inaenda au haiendi. Mimi nilifunga mlango."

Nekoye akakishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo ungekufa."

Kijana alikunja ncha ya shuka.

"Ungekufa, na mama yako, na wazee wa watu, ndiyo mimi nisione vibaya."

"Sikujua nifanye nini kingine, Mama."

Chozi lilimtoka Nekoye, na kwa kuwa alilichukia, aliligeuza kuwa makelele. "Basi nisikie, kijana. Siku ingine ukiniona nafanya ujinga, nifokee! Mbele ya watu! Usitume mtu!"

"Siwezi, Mama."

"Hawezi," Rael alidakia. "Sikumlea hivyo. Hiyo kazi niachie mimi, nitaifanya vizuri."

"Ukiifanya usifupishe."

"Sitafupisha neno."

Wakatazamana, wanawake wawili wazima, kama majogoo waliochoka ambao hakuna aliyetoka kuwaamua. Rael ndiye aliyegeuka kwanza, akaelekea dirishani.

"Siku ya harusi," aliliambia dirisha, "sitaki kuona kiazi. Hata kimoja. Si cha kuponda, si cha kukaangwa karaini."

Ilimchukua Nekoye muda kusikia kilichokuwa ndani ya maneno hayo. Linah alisikia mara moja. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nekoye hakumsogelea. Kwa bintiye bado kulikuwa na safari ndefu, na ilianzia kwenye ofisi ya wachunguzi. Akageuka aende zake.

"Mama Linah."

Akasimama.

"Umekuja mikono mitupu?" Rael aliuliza.

"Ndiyo."

"Na unataka kutoka kwangu hivyo hivyo?"

Juu ya kabati la mgonjwa palikuwa na nusu ya mkate wa hospitali, umefungwa kwenye karatasi yake ya nailoni. Rael aliuchukua kwa mkono wake mzima, akamnyooshea. Hakutabasamu. Macho yake yalikuwa bado na vita vyote ndani.

"Pokea. Na usinirudishie kitu."

Nekoye aliutazama mkate. Aliuona mkono ulioushika, umetokeza mishipa, hauna glavu. Angeweza kusema ameshiba. Angeweza kusema daktari amemkataza. Alifungua mikono yake, yote miwili, akaiweka chini ya mkono wa Rael, akapokea. Hakuna aliyemwomba atabasamu.